Ncha Zote Mbili

Mwajabu, mke mwenzangu,
nilikuosha kwa vumbi.

Nakuambia leo, usiku wa arubaini yako,
masufuria yameshasuguliwa majivu
na mikeka ilizidi wageni.

Tuliagana, unakumbuka,
siku ile tunachambua dagaa barazani Kitongoni,
mume wetu ana miezi miwili kaburini
na hatukuwa tena na cha kugombea:
atakayebaki ndiye atakayemwosha mwenzie.
Ukacheka. "Usije ukaniparua kama mgebuka, Zamda,
naujua mkono wako."

Mkono wangu.
Wanawake sitini na mmoja wa Ujiji wamepita chini yake,
ubavu wa kulia kwanza, kisha wa kushoto,
maji ya mkunazi, maji matupu, maji ya karafuu maiti,
nywele nikizisuka mikia mitatu
huku nikiwapa habari za mjini, nani kaolewa, bei ya mawese,
maana ukimya wa chumba kile
humtisha hata maiti.

Mwaka huo ziwa nalo lilipanda.
Lilimeza vibanda vya Kibirizi, likalala humo humo.
Redioni walibishana kama ugonjwa upo.
Sisi tuliuita homa, tukauita kifua,
waliosoma wakauita changamoto ya kupumua,
na kila Ijumaa safu za msikitini zikazidi kuachana
kama meno ya mtoto wa miaka saba.

Ukaiona Kaaba kwenye simu ya Hamimu:
sakafu nyeupe, tupu,
watu wa kuhesabika, punje za mchele
zilizosahaulika kwenye sinia.
Pesa zako za hija, mawese ya miaka kumi na tisa,
zimo bado katika kopo la maziwa.
Ulisema neno moja tu: "Kumbe."
Ukaenda kuanua nguo.

Ukatoka Maweni kwa gari la bwana afya,
ndani ya mfuko wenye zipu.
Vijana wanne, buti nyeupe, macho nyuma ya vioo.
Mmoja nilimjua kwa kuchechemea kwake,
mjukuu wa Nyamwiza, kitovu chake nilikikata mimi.
"Bibi, usisogee," akasema,
akachora mstari mchangani kwa kisigino.

Maalim Ruhago, barakoa imemshuka kidevuni:
"Atayamamishwe. Dharura ina hukumu yake."

Nikaenda nyuma ya jiko
nikachota udongo pale pale tulipogombania
tuta la mchicha, lako au langu,
mwaka mzima bila salamu.
Nikarudi. Nikauvuka mstari.
Yule kijana akageuka, akatazama ukuta.

Nailoni ilikuwa na joto la jua,
nikadhani homa haijakuacha.
Nikauliza: kichwa kiko upande gani?
"Zipu inaanzia miguuni," akasema mmoja.
"Hapana," akasema mwingine, "inaanzia kichwani."
Wakatazamana.
Hakuna aliyetaka kufungua.

Basi nikapiga viganja udongoni, nikapaka ncha hii.
Nikapiga tena, nikapaka ncha ile.
Mikono yako niliikisia tu.
Na habari za mjini sikukupa,
kinywa kilikuwa kimefungwa kitambaa
na vijana wanaangalia saa.

Kama nilikupaka miguuni nikidhani ni uso,
nisamehe.
Miaka thelathini na miwili tumeishi hivyo,
mmoja akibisha hodi mlango usio wake.

Nyamwiza kajifungia ndani, Bi Tausi kaenda Kasulu kwa mwanawe,
wasichana wanasema udi unawaumiza kichwa.
Wa kuniosha mimi simwoni.

Dirishani kimebaki kipande chako cha sabuni ya mawese,
kina alama ya kidole gumba.
Nimekisogeza mbali na maji.

Haya, sikiliza sasa, habari nilizokuwekea:
mawese yamepanda,
Hamimu kapata mtoto wa kike,
na mchicha umeota pande zote mbili za tuta.